Utambulisho Kabla ya Kisu

Iko nchi moja, jina lake silitaji kwa sababu wenyewe wana heshima zao, na mimi bado napenda kulala nyumbani kwangu. Iko mbali sana na hapa. Mbali kabisa. Basi msianze kukonyezana, nimeshasema iko mbali.

Watu wa Jamhuri hiyo walikuwa na adabu. Si adabu hii yetu ya kuamkiana shikamoo marahaba kila mtu akashika njia yake, la. Adabu yenyewe hasa. Kwao jambo lolote la watu wengi halianzi mpaka waliopo wametambulishwa, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, na kila anayetajwa asimame, anyooshe mkono, awatambulishe aliokuja nao, kisha aseme kwamba hana mengi ya kusema, halafu ayaseme. Nyumba ikishika moto, kamanda wa zimamoto aliwatambulisha vijana wake, mwenye nyumba akawatambulisha wanawe, diwani akatoa salamu, ndipo mpira wa maji ukafunguliwa. Nyumba nyingi ziliungua, lakini hakuna hata moja iliyoungua kihuni.

Sasa ikatokea wakubwa wa Wizara ya Tiba wakaalikwa ng'ambo kwenye kongamano la upasuaji. Walikwenda wengi, madaktari wawili na waliobaki wasindikizaji. Walisinzia siku zote za kongamano, ila Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Chambulilo, alizinduka mara moja, na mara hiyo moja ndiyo iliyowaponza wananchi. Alimsikia bingwa mmoja wa huko akieleza kwamba wamegundua dawa ya ajali za chumba cha upasuaji: kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Watu wakishajuana majina, alisema yule bingwa, hata muuguzi mdogo haogopi kumwambia mkubwa, "Bwana wee, huo si mguu wenyewe." Kwa wenzetu jambo lote hilo huisha kabla mtu hajamaliza kuvaa glavu.

Mheshimiwa Chambulilo hakusikia habari za muuguzi mdogo. Alisikia utambulisho tu. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe," alimnong'oneza katibu wake, "wanatuiga!"

Aliporudi alitoa agizo: hakuna kisu kitakachogusa mwili wa mwananchi kabla ya utambulisho kamili, kwa itifaki kamili, mbele ya mgeni rasmi.

*

Mambo yakawa mambo. Chumba cha upasuaji cha Hospitali Kuu kilikuwa kidogo, hakiwezi kuingiza meza kuu, viti vya wageni na matarumbeta. Kikafungwa, kikawekwa mifagio. Ukajengwa Ukumbi wa Upasuaji, mkubwa, wenye mapazia ya rangi ya dhahabu na feni zinazopiga kelele, na Jumamosi ukakodishwa kwa harusi. Mgonjwa alilazwa kwenye kitanda nyuma ya meza kuu, pale penye maua ya plastiki. Hakuonekana vizuri kutoka kwenye viti vya nyuma, lakini hakuna aliyelalamika, kwani hakuna aliyekuja kumwangalia yeye.

Ilikuwepo pia roboti ya upasuaji, zawadi ya nchi rafiki. Ilikaa pembeni bado imevishwa nailoni yake, kwa sababu kamati ilikuwa haijaamua kama itatambulishwa pamoja na mabingwa au pamoja na vifaa vya ukumbi.

Na mafunzo nayo yakabadilika. Zamani mtu akitaka kuwa bingwa wa upasuaji alisimama karibu na bingwa, akashika uzi, akashika mkasi, siku moja akaachiwa kisu. Sasa, yakhe, muda huo utatoka wapi? Mkuu wa mafunzo, Profesa Kahwili, alikuwa na mikono laini ya bibi harusi, maana tangu agizo litoke hajagusa kisu. Alifundisha Itifaki ya Awali, Itifaki ya Kati, na Pumzi. Wanafunzi wake walikesha wakibishana kama mke wa naibu katibu hutajwa kabla ya mkuu wa kikosi au baada yake, na mjadala huo ulipata kutoa damu, ya pua lakini.

Kukata walijifunza wenyewe bwenini, kwenye magodoro. Wanapasua, wanashona, wanapasua tena. Ukiingia bweni la wanafunzi wa upasuaji usingekuta godoro lisilo na kovu.

Na godoro lenye makovu mazuri kuliko yote lilikuwa la Daktari Pazi Mlekwa.

Huyu ndiye mtu wetu. Pazi alikuwa mwaka wa mwisho. Alikuwa na mikono, jamani. Mungu alimpa mikono ile kwa kusudi kabisa, myepesi, isiyotetemeka, inayojua inapokwenda. Na juu ya mikono akampa sauti nzito tamu ya kuongoza shughuli. Angezaliwa nchi nyingine, sauti ile ingemfaa kuimbia watoto wake tu. Pale kwao ndiyo iliyompandisha chati. Profesa Kahwili alimwita "mwanangu" mbele za watu.

Tena Pazi alikuwa mwoga. Nalisema mapema ili tusije tukalaumiana. Alikuwa amemwona mwenzake, Daktari Ndimbo, yalivyomkuta. Aliletewa mama mmoja anayevuja damu, ukumbi una harusi, mgeni rasmi hapatikani. Ndimbo akamkata palepale kwenye stoo ya mifagio. Damu ikakata, mama akapona, akaenda kwake kupika. Ndimbo akafukuzwa kwa kosa la kumpasua mtu asiyetambulishwa, na yule mama akaandikiwa barua ya kumtaka arudi atambulishwe ili kupona kwake kuwe halali. Ndimbo alivuka mto akaenda nchi ya jirani, ambako watu hawana adabu hata kidogo. Huko wanakata tu.

*

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja: mwanafunzi amtambulishe mgonjwa hai na hadhira yake yote mbele ya Waziri, kisha akate. Tatizo lilikuwa wagonjwa. Wananchi walishaerevuka. Mtu akiumwa alijifungia ndani akatabasamu dirishani. Wanafunzi wakawa wanaleta ndugu zao. Mmoja alimleta baba mkwe mwenye ngiri, na mpaka leo mkewe hajamsamehe.

Pazi alikuwa amempata mzee mmoja mwenye uvimbe mgongoni. Asubuhi ya mtihani mzee akasikia matarumbeta yakijaribiwa uani, akauliza ni harusi ya nani, akaambiwa ni yake yeye. Mguu niponye! Alitoka na gauni la hospitali, mgongo wazi, dripu mkononi, na walinzi hawakumpata.

Pazi akaketi kwenye ngazi za ukumbi akashika kichwa. Waziri keshaanza safari. Hapo ndipo simu ilipolia.

"Pazi, njoo nyumbani. Tumbo linaniua."

Ilikuwa sauti ya dada yake, Siwema. Siwema alikuwa mwalimu wa netiboli, mwanamke wa miraba minne, filimbi haitoki shingoni hata akienda msibani. Wazazi wao walikufa mapema, naye ndiye aliyemlea Pazi. Alimlea kwa filimbi. Kipenga kimoja ni kuamka, viwili ni kula, kirefu ni kwamba ameshajua ulichokifanya na afadhali uje mwenyewe. Akisema tumbo linauma, basi linauma.

Moyo ulimlipuka Pazi kwa hofu. Na chini ya hofu hiyo, Mungu amsamehe, alihisi kitu kingine kikimshuka kifuani taratibu, kama mtu aliyetuliwa ndoo. Mgonjwa amepatikana.

Alimkuta kajikunja mkekani. Akambonyeza tumbo upande wa kulia chini, akaachia ghafla. Siwema akamzaba kofi la kweli.

"Ni kidole tumbo, dada," Pazi alisema akijisugua shavu. "Lazima kitolewe leo. Kikipasuka ndani ni hatari."

"Basi nipeleke kwa Ndimbo. Gari ya shule hiyo hapo nje, dereva nimeshamwambia. Tukiondoka sasa tunavuka daraja kabla jua halijawa kali."

"Kwa Ndimbo? Dada, yule mtu hana itifaki."

"Mimi sitafuti posa, natafuta daktari."

Pazi akapiga magoti. Akamshika mkono. Sauti ile tamu ikaanza kazi yake. Akamwambia ukumbi uko tayari, Waziri yuko njiani, akikatwa leo atakatwa na mdogo wake mwenyewe, mikono aliyoilea mwenyewe, na jioni mdogo wake atakuwa bingwa. Akamwambia huko ng'ambo hata shuka hawabadilishi, jambo ambalo alilitunga palepale.

"Na utambulisho?" Siwema aliuliza. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Nitafanya mfupi."

"Wewe? Kwenye harusi ya jirani uliongea mpaka pilau ikapoa."

"Nitafanya mfupi, dada. Haki ya Mungu vile."

Maumivu yalimpanda Siwema akauma meno, yakashuka. "Haya," alisema. "Kwa sababu ni wewe."

Dereva wa gari ya shule akaambiwa ageuze.

*

Ukumbi ulipendeza, semeni yote lakini ukumbi ulipendeza. Viti vimefungwa vitambaa, maji ya chupa kila mahali, kikundi cha akina mama kimevaa sare yenye picha ya Waziri mgongoni. Siwema alilazwa nyuma ya maua. Mtaalamu wa usingizi, Bi Nyamizi, mwanamke mwembamba asiyependa makuu, alimvua filimbi akampa Pazi amshikie. Kisha akampa nusukaputi, kwa kuwa kanuni ilitaka mgonjwa awe amelala kabla mgeni rasmi hajaingia, asije akakohoa wakati wa risala.

Mgeni rasmi alichelewa, kama inavyompasa mgeni rasmi. Akina mama wakaimba. Wakaimba tena. Bi Nyamizi akaongeza dawa, akatazama chupa yake, akatazama mlango.

Waziri alipoingia ilikuwa adhuhuri. Alikuja na naibu wake, wake zake, wapambe, na watu wengine waliokuwa wamesimama tu barabarani msafara ukawabeba. Profesa Kahwili alimkabidhi Pazi kisu, kimefungwa utepe wenye rangi za bendera. Kisu kile mwanafunzi hukishika mkono wa kulia muda wote wa utambulisho, kipaza sauti mkono wa kushoto. Na Profesa akaketi, joho la ubingwa limekunjwa mapajani mwake, jipya, lina harufu ya dukani.

Pazi alikuwa amepanga. Njia nzima kutoka nyumbani alikuwa amepanga. Akavuta pumzi, akasema:

"Mheshimiwa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa."

Basi. Akageukia kitandani ili akate.

Feni tu ndizo zilizosikika. Mheshimiwa Chambulilo akaweka chini chupa yake ya maji.

"Imezingatiwa na nani?" aliuliza.

Watu wakacheka. Profesa Kahwili hakucheka, uso ulikuwa umemkauka. Waziri naye akatabasamu, tabasamu lile la wakubwa ambalo usingependa kuliona mara mbili. "Daktari, mimi nimetoka mbali. Izingatie, na sisi tuione."

Kilichokuwa kimesimama ndani ya Pazi kikaketi.

Akaanza. Akamtambulisha Waziri, naye Waziri akasimama, akawatambulisha aliokuja nao. Akamtambulisha Naibu, ambaye hakuwa na mengi, akaeleza historia ya wizara tangu kuundwa kwake. Mkuu wa Mkoa hakutaka kuwachosha watu, akawachosha. Mkurugenzi wa Hospitali akaomba dakika moja, akapewa, akaila, akala na za wenzake. Mwenyekiti wa kamati ya mapambo akashukuru kwa kuaminiwa.

Katikati ya mwenyekiti wa mapambo ikasikika sauti kutoka nyuma ya maua.

"Pazi."

Dawa ilikuwa imepungua nguvu. Siwema alifumbua macho, akaona dari ya dhahabu na feni.

"Pazi. Kata."

Kipaza sauti kiliidaka ikatoka kwenye spika zote. Ukumbi ukalipuka makofi. Akina mama wakapiga vigelegele, wakidhani imo kwenye ratiba. Mheshimiwa Chambulilo alimwinamia Naibu wake akasema amefurahi kuona mgonjwa anavyotoa ushirikiano.

Bi Nyamizi alimimina dawa iliyobaki, yote, akamshika Siwema tumbo. Lilikuwa limekakamaa, gumu kama ubao. Akainua mkono juu.

"Muuguzi," Profesa Kahwili alimwambia kwa upole, "safu yako bado haijafikiwa."

"Profesa, tumbo la—"

"Hujatambulishwa, mama. Wageni watajuaje nani anazungumza?"

Bi Nyamizi akashusha mkono.

Pazi aliona. Msije mkasema hakuona. Aliona mkono ulivyopanda na ulivyoshuka, akajua maana yake, kwa kuwa vitabu vyote alikuwa amevisoma. Akakazana. Safu ya tatu, safu ya nne, wapiga matarumbeta, dereva wa Waziri. Alikuwa amebakisha watu wa kuhesabu kwa vidole, na Bi Nyamizi alikuwa mmoja wao, Profesa alipomvuta gauni.

"Mwanangu, umemruka Mama Mdogo."

Mke mdogo wa Waziri alikuwa ameketi nyuma ya shada kubwa la maua, amenuna. Na mnajua, au hamjui kwa kuwa ninyi si wa huko: utambulisho uliomruka mtu ni batili. Unaanza upya. Kutoka juu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kisu kilikuwa mkononi mwake. Utepe ulikuwa umefungwa fundo legevu, ungetoka kwa kidole kimoja. Tumbo la dada yake lilikuwa limeshapakwa dawa, la njano, liko wazi, umbali wa mkono kulinyoosha. Hakuna aliyemshika. Hakuna hata mlinzi aliyemkaribia. Profesa alikuwa na joho mapajani, Waziri alikuwa na maji yake, na ndani ya ukumbi mzima mtu mwenye kisu alikuwa Pazi peke yake. Nami ningependa sana kuwaambia kwamba alikata.

Akatazama tumbo. Akatazama joho. Akawaza: nikienda haraka, nitawahi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alianza tena.

Na aliongoza, wallahi! Hakupata kuongoza hivyo kabla ya siku hiyo wala baada yake. Majina yalimtoka yamenyooka, vyeo vimekaa mahali pake, Mama Mdogo akatajwa kwa sauti iliyomfanya ainame kwa haya na kurekebisha kilemba. Waliokuwa na risala walitamani kusimama tu ili watajwe. Wazee walitikisa vichwa. Profesa Kahwili alifumba macho, mtu angedhani anasikiliza kaswida. Ulikuwa utambulisho mzuri kuliko wote uliowahi kufanywa katika Jamhuri, na mpaka leo wanafunzi wanasikilizishwa sauti yake.

Safu ya mwisho ikafika. Bi Nyamizi akapewa kipaza sauti, sasa ni haki yake.

"Naitwa Nyamizi," alisema. "Kazi yangu ni usingizi. Mgonjwa hapumui."

Makofi. Makofi mengi tu, kwa kuwa alikuwa amesema kwa ufupi.

"Na sasa," Pazi alisema, na sauti yake ilipasuka kidogo, watu wakaona ni madoido, "mgonjwa wetu. Dada yangu. Siwema Mlekwa."

Kila anayetajwa hunyoosha mkono. Wakangoja. Matarumbeta yalikuwa yameshawekwa midomoni tayari kupuliza. Mkono haukunyooka.

Katibu wa kikao, mtu makini sana, akasubiri kadiri kanuni inavyoruhusu. Kisha akainama akaandika kwamba mgonjwa ametoa udhuru.

*

Mngedhani shughuli iliishia hapo. Kwenu ingeishia hapo, ninyi mnaokurupuka. Kwao kisu kilichokwisha kutambulishwa hakirudi bila kukata, ni kumdharau mgeni rasmi. Profesa akatikisa kichwa kuashiria endelea.

Pazi akafungua utepe. Akakata. Na mikono ile, laana iliyoje, mikono ile haikutetemeka. Ilijua inapokwenda. Usaha ulikuwa umejaa, kidole tumbo kimepasuka, pengine kimepasuka wakati wa Mkuu wa Mkoa, pengine wakati wa Mama Mdogo. Akakitoa, akasafisha, akafunga tabaka kwa tabaka, akashona. Alikuwa analia, machozi yanaingia kwenye barakoa, naye anashona. Mshono ukawa mwembamba, umenyooka, mzuri kuliko wa godoro.

Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Mheshimiwa Chambulilo alikwenda kuuona mshono, akavaa miwani, akavua miwani.

"Nimehudhuria upasuaji mwingi," alisema kwenye kipaza sauti, "lakini utulivu wa namna hii sijapata kuuona. Mgonjwa hakulalamika hata mara moja. Huyu ndiye mgonjwa tunayemtaka."

Ikabaki neno la shukrani kutoka kwa familia ya mgonjwa. Wakatazamana nani ni familia. Pazi akavuliwa gauni lenye damu, akavishwa joho, akasukumwa mbele. Alisema anashukuru. Kilichofuata hakikueleweka kwa sababu ya kilio, na mwandishi wa gazeti la serikali akaandika kwamba bingwa mpya alizidiwa na furaha.

Walipomzika Siwema, wasichana wa timu yake walikuja wamevaa jezi. Hawakumpa mkono Pazi. Dereva wa gari ya shule naye alikuwepo, akasimama mbali, amegeuza uso.

*

Msidhani serikali ile ilikaa kimya. Bi Nyamizi aliandika malalamiko, naye akahamishiwa jikoni, lakini Tume iliundwa. Wajumbe wa Tume walitambulishana, na walipomaliza walichunguza. Wakabaini kwamba marehemu aliponzwa na upungufu wa utambulisho. Mashahidi wote walisema jambo moja: mara ya pili, mwongozaji alionekana akiharakisha.

Waziri akatoa Agizo la Siwema, na akina mama wakalitungia wimbo. Tangu siku hiyo, upasuaji wowote katika Jamhuri unaanza kwa kumkumbuka marehemu Siwema Mlekwa, shujaa wa usalama wa wagonjwa. Picha yake inawekwa kwenye kiti cha kwanza, na ndugu yake wa karibu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa. Baada ya hapo ndipo utambulisho wa walio hai unaanza. Ndugu yake wa karibu ni mmoja tu, basi Bingwa Pazi Mlekwa amepewa gari na dereva, anazunguka kumbi zote za nchi. Profesa Kahwili alipostaafu, Pazi akakabidhiwa cheo chake. Amenenepa. Mikono yake imekuwa laini.

Hana muda wa kukata siku hizi. Bwenini godoro lake limehifadhiwa kwenye kabati la kioo.

Juzi juzi, katika mji mmoja wa bara huko huko kwao, aliletwa fundi muashi, kijana mwenye nguvu zake, kajikunja, kashika tumbo upande wa kulia chini. Dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha nchini, kwa hiyo alilazwa akiwa macho. Pazi aliingia na joho lake, akaiweka picha ya Siwema kwenye kiti, akainyoosha isiiname. Akatoa mfukoni filimbi, akapuliza kipenga kirefu, ukumbi ukanyamaza.

Yule muashi akamdaka mkono wa joho. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa saruji.

"Daktari," alisema, "kata basi. Nakuomba, kata. Nakufa."

Pazi alimwinamia. Alimpapasa kichwani taratibu, kama alivyokuwa akipapaswa yeye alipokuwa mtoto mwenye homa.

"Tulia, mdogo wangu," alimwambia. "Bado sijamtambulisha dada."